Kisu Bila Kofia

Karakana, Kitengela
Jumamosi, mchana

Nashipai mwanangu,

Salamu nimezipunguza kidogo kwa sababu bado nina hasira. Zilizobaki ni hizi: nakupenda, na sina mpango wa kuacha. Sasa tuendelee.

Umekwenda Kware na baba yako kumuaga shangazi yako, na najua hamtarudi kabla ya jioni kwa sababu shangazi yako hajawahi kumwacha mgeni aondoke kabla hajashindwa kutembea kwa shibe. Kwa hivyo nina mchana mzima. Nimeketi kwenye kigoda changu mlangoni mwa karakana, kipande cha ubao juu ya magoti, na kalamu ni yako, nimeichukua bila kuomba. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Loitokitok kufundisha. Haya ningekwambia kwa mdomo, lakini tangu Jumapili kila nikifungua mdomo wewe unakumbuka una nguo za kuanika. Sijawahi kuona nguo zikianikwa namna hiyo hata wakati wa ukame.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kunywa, wala za kumchunguza jirani kabla ya kumwachia ufunguo. Wewe ni mwalimu. Kama hujui hayo, basi nawahurumia watoto wa Loitokitok.

Nataka tuzungumze kuhusu mkebe wa mafuta.

Jumapili, Lemayian alikuja kutuona, na alikuja na mjomba wake na shangazi yake. Haikuwa posa. Walikuja tu kuona nyumba unakotoka, kama watu wenye adabu wanavyofanya kabla ya kuleta neno. Nilipika, ukapika, baba yako akavaa lile koti ambalo hulivaa mazishini. Na mimi nilikuwa nimemtengenezea mjomba zawadi, kisu cha kukunja, mpini wa mfupa wa ng'ombe uliokauka vizuri mpaka ukawa na rangi ya maziwa ya jana. Mjomba alikuwa ameketi upande wa dirisha, kwa hivyo nikampa shangazi ampitishie. Unakumbuka. Hakukishika. Alivuta ncha ya shuka yake, akakipokea nayo, akaniita mama yako kwa Kimaasai, akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Ngoto Nashipai, hapa hakuna mafuta kidogo?"

Wewe umekulia mjini na mengine umeyasikia nusu nusu, kwa hivyo nitayaandika yote, yakae mahali pamoja. Watu wa baba yako ni Ilkunono, wahunzi wa Kimaasai. Wao ndio waliotengeneza kila simi, ule upanga mfupi, na kila mkuki uliowahi kulinda ng'ombe katika nchi hii, na wenye ng'ombe waliwashukuru kwa kukataa kuwashika mkono. Kitu kilichotoka kwa mhunzi hakiguswi mpaka kipakwe mafuta, ati kiondoke uchafu wa mikono iliyokitengeneza. Binti wa mhunzi haolewi na mwenye ng'ombe. Siku hizi tunaenda kanisa moja, na ukiuliza, kila mtu atakwambia mambo hayo yaliisha zamani. Yaliisha, mpaka siku ya wageni.

Nilikuwa na jibu, Nashipai. Nilikuwa nalo mdomoni tayari. Lakini kabla sijalitoa, wewe uliinuka. Ulienda jikoni mbio, ukarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia, ukamwinamia yule mama kwa heshima, ukamfungulia na kifuniko. Akachovya kidole, akapaka mpini, akapaka bapa, halafu ndipo akakishika. Mjomba alikipokea, akakigeuza, akasema ni kisu kizuri. Lemayian alitazama miguu yake. Baba yako alitazama chai. Mimi nilikutazama wewe.

Walipoondoka uliosha vikombe ukiwa umenipa mgongo, ukasema, "Mum, wakirudi kuleta neno, hiyo karakana ifungwe. Msiwashe moto. Tuseme mnauza tu, mnanunua visu huko Nairobi mnauza hapa."

Baba yako akasema, "Sawa." Baba yako husema sawa hata kwa mvua ya mawe.

Mimi nikasema hapana. Nawe ukageuka na kikombe mkononi, ukaniambia lile neno ambalo nimelibeba wiki nzima: "Lakini ni wewe ulikuwa unaambia wamama wa kanisa ati Dadi anauza vyuma. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa mtoto lakini nilikuwa nasikia."

Halafu ukaenda kuanika nguo.

Basi jibu langu ndilo hili. Ni kweli. Nilisema hivyo, na si mara moja. Wala sitajificha nyuma ya kuwa nilikuwa kijana. Lakini kama unanitolea mfano, chukua mfano mzima, usichukue kipande kinachokufaa.

Mimi nilizaliwa Ilbissil katika boma ambalo ng'ombe walikuwa na majina na sisi watoto tuliitwa tu "wewe". Nilikutana na baba yako Kajiado, nilipokuwa nikipeleka maziwa mjini. Karakana ya babu yako ilikuwa karibu na reli, mabati matatu na moto. Babu alitengeneza simi. Baba yako alikuwa kijana mwenye mawazo ya mjini, akitengeneza visu vya kukunja, kwa sababu aliona walinzi, wachinjaji na madaktari wa mifugo wanataka kitu cha kuingia mfukoni. Na simi huwezi kuingia nayo benki. Nilisimama nikimtazama. Nilikuwa nimeona visu vya kukunja vya dukani, vile vyenye kofia, yaani vipande vya chuma au shaba vinavyofunika ncha ya mpini pale bapa linapoungana nao. Vyake havikuwa na kofia. Mfupa ulifika hadi mwisho, ukaonekana wote, na pini imepita ndani yake waziwazi. Nikamuuliza kwa nini anauza visu vikiwa uchi.

Akasema, "Nikivalisha, utajua aje kama nimefanya vizuri?"

Ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyoniambia mwaka ule. Nilirudi siku iliyofuata bila maziwa.

Sikuozwa. Nilienda mwenyewe kwa miguu yangu, na nikikumbuka siku hiyo bado natembea vizuri zaidi. Kwetu walikasirika, halafu wakanyamaza, na kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kukasirika. Ulipozaliwa ukaanza kukaa, nilisema twende, mtoto atalainisha mioyo. Tulienda Ilbissil na zawadi ya kisu. Babu yako, yaani baba yangu, aligusa vichwa vya watoto wote walioinama mbele yake, na chako pia alikigusa, usidhani alikunyima. Baba yako alinyoosha mkono. Baba yangu akampa kifundo cha mkono, kama mtu anayekula nyama anavyofanya ili asikuchafue. Ila hakuwa anakula nyama. Mkono wake ulikuwa mkavu na safi, nilikuwa nauona.

Halafu mama yangu akaleta mafuta kwa ajili ya kile kisu.

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kama unataka kujua ni wapi, wala si kanisani. Nilikuita kunyamaza kule heshima. Nilidhani nikiwa mpole vya kutosha, nikija na sukari ya kutosha, nikinyamaza vya kutosha, siku moja watatuzoea. Walizoea kweli. Walizoea kunyamaza kwangu.

Tulipohamia Kitengela, mji ulikuwa unaota tu kila mahali. Viwanda vilikuwa vinajengwa upande ule wa Athi River, watu walikuwa wanakuja kutoka kila pembe, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ukoo. Baba yako alipapenda kwa sababu ya mifupa, kwa kuwa machinjioni ilitupwa bure. Mimi nilipapenda kwa sababu hakuna aliyetujua. Mama mmoja wa kanisa akaniuliza bwana yangu anafanya kazi gani, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Anauza vyuma." Ilikuwa rahisi ajabu. Walipokuja kwetu kwa maombi nilimwambia baba yako asiwashe moto siku hiyo. Akasema sawa. Akakaa nyuma ya nyumba kwenye jiwe, mikono juu ya magoti, wewe ukiwa umeketi naye. Hilo ndilo uliloliona. Nilijua umeliona. Nilijiambia mtoto hasahau kucheza lakini husahau mengine.

Sasa sikiliza nililolipata kwa uongo huo. Baada ya muda, Mama Waithera, yule wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha wafu, alinivuta kando baada ya ibada. Akasema, "Mama Nashipai, niko na shida. Kisu yangu ya jikoni imekufa makali. Mwambie Mzee aninolee, na asininyime ati kwa sababu ni siri."

Nikamuuliza siri gani.

"Wewe nawe!" akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta. "Si hata nguo yako ya Jumapili inanuka makaa."

Walijua wote. Walijua tangu wiki ya kwanza, na hakuna hata mmoja kati yao, Wakikuyu na Wakamba na Waluhya, aliyejali. Nyumba nzima ya Mungu ilikuwa inanisaidia kuficha kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta. Mtu pekee aliyefichwa kweli alikuwa baba yako kule kwenye jiwe. Nilirudi nyumbani nikamwambia awashe moto. Akasema sawa. Hakuniuliza kitu, na kutoniuliza kwake bado kunaniuma kuliko kama angenitukana.

Ungedhani nilijifunza hapo. Mimi si mwepisi hivyo.

Unamkumbuka Mama Hibo, aliyekuwa na duka karibu na stendi, ambaye watu wake walitoka Garissa na mbuzi wakaishia kuuza kila kitu isipokuwa mbuzi. Alikuwa rafiki yangu na bado ni rafiki yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza visu vyetu dukani mwake. Wakati wa ule ukame mbaya, wafugaji walipoleta ng'ombe hadi kando ya barabara ya lami, biashara ilikufa, na Mama Hibo akaja na kisu kimoja cha kiwandani. Kilikuwa na kofia za shaba pande zote mbili, kinang'aa.

"Mama Nashipai, watu ya sasa wanataka kitu inang'aa," akasema. "Hii yenu ni ngumu, ni poa, lakini inakaa ya zamani. Weka tu hii shaba hapa na hapa. Mimi nitauza mpaka mchoke."

Baba yako alisema sawa, lakini alisema polepole. Mimi ndiye niliyeshikilia. Tulikusanya koki za shaba za mifereji ya maji iliyokufa, tukazikata, tukazipiga msasa, tukavisha kila kisu kofia. Viliuzika, siwezi kukudanganya. Mama Hibo alikuwa anakuja kuchukua vingine kabla havijapoa. Na bila mtu yeyote kuamua, kazi ikaanza kubadilika. Zamani mfupa wenye ufa mdogo tuliutupa, kwa sababu ufa ungeonekana. Sasa ufa ulikuwa chini ya shaba, basi ukapita. Zamani pini iliyokaa upande tuliitoa tukaanza upya. Sasa kofia ilikuwa inashika, basi tukaiacha. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema, "Wacha, haionekani."

Kijana wa machinjioni akaja na mkono umefungwa kitambaa. Kisu kilikuwa kimejifunga chenyewe akiwa anakata, kikamla vidole viwili. Havikukatika, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Hakupiga kelele. Alikiweka kisu hapa mlangoni nilipoketi sasa, akasema, "Mama, hii si ya Mzee. Mzee hawezi tengeneza hii." Alikuwa anatutetea, Nashipai. Alidhani mtu ametuigiza.

Mama Hibo aliturudishia vyote vilivyobaki dukani bila ubishi. Nilichukua patasi nikang'oa kofia moja baada ya nyingine, nami nikaona kazi yetu ya miezi mingi. Mifupa imepasuka, pini zimelala. Hata kimoja singeweza kumpa adui. Sisemi shaba ni mbaya; wapo watu wanaojua kuivisha, na chini yake kazi ni safi. Sisi tulipopata mahali pa kuficha, tulipatumia. Hatujavisha kisu kofia tena, na mtu akitaka kinachong'aa namwelekeza supermarket.

Baada ya hapo nilimwambia baba yako anifundishe. Alishangaa, kwa sababu hata kwa Ilkunono mwanamke hapigi nyundo. Nikamwambia kama kisu kitamla mtu vidole tena, nataka iwe kwa mkono wangu, nisimlaumu mwingine. Akasema, unajua alichosema.

Nikaanza na pini. Kisu chetu hakina springi na hakina kofia, kwa hivyo kila kitu ni pini. Bapa linasimama wazi kwa sababu pini imelibana kwa kadiri, wala si kwa sababu nyingine. Ukiibana sana halifunguki. Ukiilegeza linarudi kwenye vidole. Na mfupa hauna huruma. Ukigonga kwa nguvu unapasuka kutoka tundu hadi ncha, na hapo kazi yote ya kuchemsha, kukausha, kukata na kusugua imekwisha. Siku yangu ya kwanza niligonga nikiwa na hasira. Nilikuwa nawaza kile kifundo cha mkono cha Ilbissil, kikavu na kisafi. Mfupa ukalia mara moja tu. Nikachukua mwingine, ukalia pia. Baba yako akaja akaushika mkono wangu wenye nyundo, akasema, "Huu mfupa haijakukosea. Gonga kama unabisha kwa mlango ya mgonjwa."

Sasa jambo ambalo hukulijua Jumapili. Baba yako macho yake ya karibu yamechoka. Pini hazioni tena. Kila kisu kinachotoka karakana hii kwa miaka hii ya karibuni nimekifunga mimi. Kile cha mjomba, tangu kukata mfupa hadi kunoa, nilikifanya peke yangu, bapa tu ndilo alilolifua baba yako. Kwa hiyo yule mama alipaka mafuta mkono wa binti wa Ilbissil, mtoto wa ng'ombe pande zote mbili, ambaye kwa sheria yao hana uchafu wowote. Ningeweza kumwambia. Angeaibika, angetabasamu, mkebe ungerudi jikoni na chai ingeendelea.

Ndilo jibu nililokuwa nalo mdomoni, na nashukuru uliniwahi. Kwa sababu ningelisema, ningekuwa nimekubali kwamba mkono wa baba yako ni mchafu kweli, ila huu tu si wake. Ningemrudisha kwenye jiwe lake mbele ya wageni. Nimefikiria hilo wiki nzima nikiwa nimekukasirikia, na imenibidi nikiri kwamba wewe na mimi tulikuwa tunakimbilia mkebe ule ule.

Tena kuna habari ya babu yako wa Ilbissil ambayo huwa sisemi. Alipozeeka meno yakaisha, akawa anakula nyama iliyokatwa ndogo ndogo, na alitumia kile kisu tulichompelekea ukiwa mchanga. Kila mara mama yangu alikuwa anakipaka mafuta kabla ya kumpa. Siku moja niko pale, baba akamwambia, "Acha hayo mafuta, kinateleza." Basi. Hakuomba msamaha, hakunitazama hata. Alikata nyama yake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, na nilikuwa na hasira kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kuniliza. Nilikuwa nimesubiri miaka yote hiyo kwa upole, na kilichoshinda ni utelezi.

Kwa hivyo sikwambii usubiri. Wala sikwambii uende Loitokitok ukatangaze ukoo wako sokoni penye nyanya na vitunguu. Mtu hadaiwi historia yake na kila anayepita. Lakini atakuja mtu atakuuliza wewe ni wa nani. Atakuuliza mke wa mwalimu mkuu, au mama yake Lemayian, ukiwa umeshika kikombe chake. Nami naogopa, mwanangu. Naliandika neno hilo ili ujue halinitishi kuliandika. Naogopa utasikia mdomo wako ukisema, "Wanauza tu," na itakuwa rahisi ajabu, na kuanzia hapo utakuwa na mzazi mmoja kwenye jiwe nyuma ya nyumba yako maisha yako yote.

Najua unachoweza kupoteza. Usidhani nachezea ndoa ya mtu kwa kiburi changu. Kijana unampenda, nimeona unavyomtilia chai. Huenda watu wake wasirudi. Kama hawatarudi kwa sababu ya moshi wetu, nitakulilia pamoja nawe, nitakuja Loitokitok na gunia la viazi tulie vizuri. Lakini karakana sifungi. Wakija kuleta neno watakuta moto unawaka na baba yako ameketi katikati ya wageni, si nyuma ya nyumba, na bila lile koti la mazishi. Nyama itakuwa mezani na kisu kando yake. Mafuta yatakuwa jikoni, kwa sababu ni ya kupikia. Anayetaka kukata atashika kisu jinsi kilivyo, na asiyetaka atararua kwa meno, sisi si watu wa kumhukumu mgeni anavyokula.

Lemayian nimemwacha pembeni makusudi. Sijaamua. Mtu anayetazama miguu yake anaweza kuwa mwoga, au anaweza kuwa anaona aibu kwa niaba yetu, na kwa nje hivyo viwili vinafanana. Mwulize wewe. Mwulize akiwa mbali na shangazi yake.

Nimemaliza karibu yote. Jua limeingia mpaka kwenye mguu wangu wa kushoto na bado nina kazi moja kabla hamjarudi.

Nimekutengenezea kisu. Mfupa niliuchagua mwezi ule ulipopata barua ya kazi, mfupa wa mguu wa mbele, hauna ufa hata mwembamba. Bapa amelifua baba yako kwa springi ya lori. Alilifua bila kuona vizuri, na ni zuri kuliko yote aliyowahi kufua, kama mtu aliyekuwa anatafuta njia kwa vidole. Kisu chenyewe hakina kofia. Sijakipaka mafuta, isipokuwa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye tundu, kwa sababu chuma kinahitaji hilo tu.

Kiko juu ya kipande cha reli, pale babu yako mhunzi alipokuwa akigongea vyuma tangu Kajiado. Bapa limo, mfupa umo pande zote mbili, pini imepita na kutokeza kwa kadiri inayotakiwa. Haijagongwa. Kikiwekwa mkobani hivyo kilivyo, kitafumuka vipande vitatu kabla hujafika Loitokitok.

Nyundo ndogo iko kando yake. Unajua kugonga, ulikuwa ukinitazama miaka yote ukijifanya unasoma. Zungusha ukingo wa pini kidogo kidogo, geuza, gonga upande wa pili, geuza tena. Ukimaliza kifungue, kishike bapa likiwa juu, ukitikise. Kisipojifunga, ni chako.

Au kiache. Utaingia jikoni, utakuta chai yako ya maziwa na chapati zilizofungwa kwa ajili ya njia, nitakukumbatia mpaka ulalamike, na hakuna mtu atakayekuuliza kitu. Utabaki mwanangu hata ukiwa na jina la kukopa. Ila pini hiyo sitakugongea, na baba yako nimeshamkataza, na safari hii hata aseme sawa kwako, mimi ndiye mwenye nyundo.

Kesho alfajiri nitakuwa jikoni nimewasha jiko, mlango wazi. Kutoka hapo nasikia kila kinachogongwa katika karakana hii.

Mama yako,
mhunzi.